Mdogo wangu wa Mwanza, usikate chemko

Jumamosi iliyopita tumejaza ukumbi. Watu 412. Dada wa tiketi aliniandikia hiyo namba nyuma ya risiti nikaibandika kwenye friji, mke wangu kaniuliza hii nini nikamwambia tafadhali usiitoe hapo. Ni bendi yangu ya pili hii, na kwa jinsi ile ya kwanza ilivyoisha kwangu sikutegemea kama nitakuja kusimama tena na besi mbele ya watu 400.

Sasa usiku wake nafika nyumbani nakuta ujumbe wa kijana wa Mwanza. "Shikamoo kaka, tupo watano, tunapiga hotelini Ijumaa na Jumapili, tuna wimbo wa dakika tisa ambao watu wanaupenda kweli, ila prodyuza anasema tuukate ubaki dakika tatu, chemko lote litoke, la sivyo redio hawataupiga. Tufanyeje?"

Chemko, kwa asiyejua, ni ile sehemu ya pili ya wimbo wa dansi, kuimba kunapungua, magitaa na dramu vinachangamka. Nimemjibu kifupi lakini naona hili jibu ni la wengi, kwa sababu najua mnaosoma hapa mnataka kile kile ninachokitaka mimi, bendi inayosafiri, inayoishi kwa kupiga laivu, sio kusubiri kubahatisha hit moja.

Niwaeleze kwanza huku nilipo. Naishi Burlington, Vermont, Marekani, mji mdogo wa baridi kali, ila ukipita Winooski hapo jirani utasikia Kiswahili dukani, maana ndugu zetu Wakongo wapo wengi. Nilifika 2009 nikaanza kuosha vyombo kwenye mgahawa, na mwaka ule ule bendi moja ya hapa inaitwa Phish walikuwa wamerudi jukwaani baada ya kuvunjika 2004, basi jikoni kila siku ni Phish Phish Phish. Mimi sikuwajua. Nikaambiwa ni vijana waliokutana chuoni hapa hapa 1983, wakawa wanapiga kwenye baa moja ikiitwa Nectar's, usiku tatu mfululizo, watu wale wale, kwa hiyo wakalazimika kila usiku wapige kitu tofauti. Muziki wao ndio wanaouita jam bendi, na kwa sisi tuliokulia kwenye dansi wala sio kitu kigeni. Wimbo unaanza, mnaimba beti zenu, halafu mlango unafunguka, gitaa la solo linaondoka, besi inajibu, dramu inabadilisha, hakuna anayejua mnatokea wapi. Ni chemko! Tofauti ni kwamba chemko letu liko pale ili watu wainuke vitini wacheze, wao chemko lenyewe ndio safari, linaweza kwenda dakika 25 na likahama kabisa wimbo mlioanza nao.

Mpishi wa grili pale mgahawani alikuwa mpiga dramu. Siku moja nasugua sufuria yeye anagonga koleo la nyama kwenye ukingo wa jiko, nikaanza kumjibu na kijiko kwenye sinki, tukaendelea mpaka meneja akaja kuuliza oda ya meza ya sita iko wapi. Jumapili yake akanipeleka nyumbani kwao, bezimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, chenye hita moja ya umeme, wako na jamaa wa gitaa na wa kinanda, nikapewa besi. Tukakaa kwenye ufunguo wa E peke yake zaidi ya nusu saa. Mimi nikapiga kama nilivyofundishwa na mjomba wangu kule Keko, Dar, kwamba besi ya dansi haijazi kila mahali, inasema halafu inanyamaza, inampisha dramu, inarudi. Wale jamaa walisimama kupiga wakaniangalia. Hawajawahi kusikia besi inanyamaza namna ile. Hiyo siku ndio bendi ilizaliwa, na hicho kunyamaza muweke akilini maana nitakirudia.

Miaka miwili ya mwanzo sina la kuwaambia, ni baridi na petroli. Tulikuwa na Ford kuukuu na trela, tunamaliza kazi Alhamisi usiku tunaondoka. Mara ya kwanza tumeenda Portland kule Maine, saa nne na zaidi barabarani, tulipigia watu 11 tukalipwa dola 80 tugawane wanne. Nilitaka kuacha siku ile. Mpiga dramu akatoa daftari akaandika nyimbo zote tulizopiga na mpangilio wake, akasema tukirudi hapa hatupigi hata mmoja kwa mpangilio huu, hawa 11 wakirudi wakute kitu kipya. Nilimwona mjinga. Lakini tukafanya hivyo kila mji, na daftari lile lilitulea.

Sasa nije kwa mzee wa maiki.

Shoo moja hapa Burlington, mwaka 2011, kaja mzee ana ndevu nyeupe kabeba stendi ndefu kama mlingoti wa bendera, juu yake maiki mbili zimevishwa manyoya, anaomba kurekodi. Nikakataa. Nilikataa kwa hasira kabisa jamani, kwa sababu mjomba wangu alipiga gitaa la rithim kwenye bendi miaka ya 80, kaseti zao zikirudufiwa kila kona ya Kariakoo, amekufa hajaona senti ya zile kaseti. Nikamwambia yule mzee huo ni wizi. Hakubishana, akaanza kukunja waya zake taratibu. Jamaa wa kinanda ndio akanivuta pembeni akanieleza kwamba huku huo sio wizi, ndio mlango wenyewe. Kwamba Grateful Dead, bendi iliyoanza California 1965, waliacha watu warekodi shoo zao na kubadilishana kaseti ilimradi wasiziuze, mpaka 1984 wakawatengea sehemu yao maalumu nyuma ya fundi mitambo. Na bendi hiyo, sikilizeni vizuri, ilikaa miaka 22 kabla ya kuingiza wimbo kwenye kumi bora za Marekani, 1987, na ndio huo huo mmoja tu mpaka mwisho. Lakini viwanja walikuwa wanajaza. Watu walikuwa wanawafuata mji kwa mji na tenti, kwa sababu usiku wa leo haufanani na wa jana, ukikosa umekosa, labda umpate mwenye kaseti.

Nikarudi nikamwambia mzee samahani, funga maiki zako.

Ile shoo akaiweka Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni yenye maelfu ya shoo za bendi zilizoruhusu. Sisi tukasahau. Miezi sita baadaye tumerudi Portland, baa ile ile ya watu 11, tunashusha vyombo tunakuta watu wapo nje wanasubiri kwenye theluji. Waliingia 60 na kitu. Katikati ya shoo kijana mmoja mbele anapiga kelele "Twendi kazi! Twendi kazi!" sielewi anataka nini. Kumbe kuna chemko letu halikuwa na jina, na usiku ule wa mzee mimi nilipiga kelele stejini "twende kazi" kumstua mpiga dramu, mzee akadhani ndio jina la wimbo akaliandika hivyo. Kijana wa Maine anaomba wimbo wa Kiswahili ambao hata sisi hatukujua kama tunao. Tukaupiga. Sitaisahau ile sura yake.

Kwa hiyo ushauri, kama mnataka uitwe ushauri: acheni watu warekodi. Simu zikiinuka msikasirike. Na nyie wenyewe rekodini kila usiku, hata kwa simu iliyolazwa juu ya amplifaya, halafu msikilize, na msipige listi ile ile mkirudi mji ule ule. Rudini mji ule ule! Vijana mnahangaika kuruka Mwanza mpaka Dar mkapige mara moja kwa watu wasiowajua, wakati Geita, Bukoba, Musoma hamjarudi mara ya pili. Phish, wenye klabu moja ya Boston inaitwa Paradise walikataa kuwapa shoo, Januari 1989 bendi wakaikodi wenyewe, mashabiki wao wakapanda mabasi kutoka huku Vermont, ikajaa tiketi zikaisha. Watu wa baa ndio waliowapandisha. Miaka 28 baadaye wakapiga usiku 13 ukumbi wa Madison Square Garden, New York, nyimbo 237 bila kurudia hata mmoja. Hiyo ni faida ya miaka ya kupigia wale wale kila siku kitu kipya.

Na sisi tulipanda. 2014 tukaacha kazi za jikoni, 2015 tukajaza tamasha la kiangazi jukwaa la pili, ukumbi wa watu 900 tukauza wote. Nilimpigia mama simu kutoka stejini kabla ya shoo nikamwelekezea simu kwenye watu, akasema "hao wote wamekuja kwako?"

Halafu 2016 nikatolewa.

Kwa meseji. Nilikuwa kwa dobi, nguo za tour zinazunguka kwenye mashine, simu ikalia. Walikuwa wamepata ajenti mpya, ajenti anaona wanahitaji besi "inayoendana na soko", asante kwa kila kitu, tutakutumia mgao wako wa trela. Yule mpishi wa grili, ambaye tumelala naye kwenye Ford moja miaka mitano, hakunipigia. Mpaka leo hajanipigia. Inauma na sitaki kujifanya haiumi, watu wananiambia ya kale hayanuki, kwangu haya yananuka bado.

Nilimlaumu ajenti miaka miwili mizima. Kila aliyenisikiliza nilimweleza nimefukuzwa kwa sababu mimi ni mgeni, na labda hilo nalo lilikuwemo, siwezi kuliapia. Lakini wakati wa korona tumefungiwa ndani, 2020, sina cha kufanya nikaanza kusikiliza shoo zetu zote alizorekodi mzee, kwa mpangilio wa tarehe. 2011 besi inasema, inanyamaza. 2012 hivyo hivyo. 2014 inaanza kusema sana. 2015 hainyamazi kabisa, najaza kila tundu, na kuna kile kipande changu ambacho watu walikuwa wanashangilia, nakipiga kila shoo, mahali pale pale, wakati wote dramu inajaribu kunipeleka kwingine. Unamsikia kabisa mwenzangu anagonga rimu, ule ukingo wa dramu, mara tatu, ta-ta-ta, ile ishara yetu ya jikoni ya kusema twende huku. Siendi. Shoo inayofuata anagonga tena. Siendi. Kufika Agosti 2015 hagongi tena.

Nilizima nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi na baridi ile.

Ndio maana nawaambia msikilizane. Bendi ya namna hii haifi kwa kukosa redio, inafia pale stejini mmoja akianza kusikiliza makofi badala ya mwenzake. Kuna zoezi Phish walikuwa wanafanya mazoezini, mmoja anaanzisha kipande kidogo, wengine kila mmoja anatafuta pa kuingia, na ukiona umeshawasikia wote watatu, sio mmoja, wote, unasema "hey", wote wakishasema ndio mwingine anabadilisha. Hii bendi yangu ya sasa tunafanya kila Jumanne saa nzima, sisi tunasema "haya". Wiki za mwanzo mimi ndio nilikuwa wa mwisho kusema. Fanyeni hilo zoezi kabla hamjanunua spika mpya, kabla ya kushona sare, kabla ya meneja.

Na huyo prodyuza wa dakika tatu, mdogo wangu, simtukani, anafanya kazi yake ya redio. Kama redio wanataka dakika tatu tungeni wimbo mwingine wa dakika tatu muwape, hakuna dhambi. Ila ule wa dakika tisa usiguswe. Wazee wetu wa NUTA Jazz walioanza 1964 ndio hao leo tunawaita Msondo Ngoma, na watu wanaopanda daladala kuwafuata hawafuati beti peke yake, wanafuata lile chemko la usiku ule, na utasikia mtu anabishana baani kwamba la Ijumaa lilikuwa zaidi ya la Jumapili. Siku mtu wa Mwanza akibishana hivyo kuhusu nyinyi, mjue mmeshapata bendi. Mkilikata mnabaki na nini cha kumrudisha? Wimbo anao kwenye simu tayari.

Jumamosi, nyuma ya fundi mitambo, nimeona stendi imesimama. Mzee yupo, ndevu sasa zimeisha kwa ajili ya dawa anazotumia, kaja na mjukuu wa kumbebea begi. Sikumwona toka 2016. Tulipofika katikati ya shoo mpiga dramu wetu mpya, binti wa miaka 24, akagonga rimu kutaka kwenda kwingine, nikanyamaza. Mistari minne nzima sijagusa waya. Ukumbi wote wakasikia dramu peke yake, ndipo nikarudi chini taratibu.

Rekodi imeingia jana usiku, chemko ni dakika 19. Bado sijafungua, namsubiri binti wa dramu aje Jumanne tusikilize wote.

Kijana wa Mwanza, nitumie ule wimbo wenu. Wote, dakika tisa.