Asali na gundi ya nyuki wakati wa tibakemikali

Ndugu, umeuliza kama asali na gundi ya nyuki (propolisi, utomvu ambao nyuki huzibia mzinga) vinaweza kumkinga mama yako na madhara ya tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani. Ushahidi unaotia moyo zaidi unahusu vidonda vya kinywa: majaribio kadhaa kwa wagonjwa yameonyesha kwamba asali, ikizungushwa mdomoni taratibu kisha ikamezwa, huweza kupunguza ukali wa vidonda hivyo, ingawa mengi yalikuwa madogo na yaliwahusu hasa waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo. Madai kwamba gundi ya nyuki hulinda moyo, ini au figo yanategemea zaidi panya wa maabara, nami nisingemjengea mgonjwa matumaini juu ya hayo.

Nakusihi sana uzingatie kwamba tibakemikali hushusha chembe nyeupe za damu, na kwa kuwa asali mbichi huweza kubeba vijidudu, asiitumie kabla daktari wake wa saratani hajaridhia, hasa siku ambazo kinga imeshuka. Akiwa na pumu au mzio, ajiepushe na maziwa ya nyuki (chakula ambacho nyuki humlisha malkia wao) na chavua. Mwelezeni daktari hata vile ambavyo ameshavitumia.