Shika kiganja kabla ya eksirei

Msimu wa mapera ukifika huku magharibi mwa Kenya, nyinyi mnaoanza zamu za kazualti jiandaeni kwa viwiko. Mtoto wa miaka sita, saba, ameteleza mtini, akajikinga kwa mkono, na mfupa umevunjika palepale juu ya kiwiko. Ateri kubwa ya mkono, mshipa unaopeleka damu kiganjani, inapita mbele ya mfupa huo. Ncha iliyovunjika huweza kuibana, kuichana, au kuigusa tu nayo ikajikaza.

Basi kabla ya eksirei, shika kiganja. Ni cha moto au baridi? Bonyeza kucha uachilie: wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Tafuta mpigo kwenye kifundo cha mkono, linganisha na mkono usioumia, andika. Ukishanyoosha au kufunga, pima tena, uandike tena.

Mwaka wangu wa kwanza mimi sikupima tena. Kiwiko kilikuwa kimevimba. Nikakikunja kupita digrii 90, nikakifunga plasta, nikamwambia mama mtoto tutaonana asubuhi. Usiku kucha mtoto alilia. Aliongezwa dawa ya maumivu mara mbili, nami nikaandika kwenye faili: "msumbufu". Hakuwa msumbufu. Misuli ilikuwa inakufa kwa kukosa damu. Vidole vyake vilijikunja, havikunyooka tena.

Mtoto anayezidi kudai dawa, anayepiga kelele ukimnyoosha vidole, msimngojee apoteze mpigo. Mpigo unaweza kuwepo na misuli ikafa. Kata plasta na bendeji zote hadi ngozi, legeza kiwiko, mwite daktari wa upasuaji. Banzi la muunga mifupa wa kijijini nalo likatwe hivyohivyo, bila kumgombeza mama. Ukimgombeza atakuficha saa mtoto alipoumia, na saa hiyo ndiyo unayoihitaji: misuli haivumilii kukosa damu zaidi ya kama saa 6.

Kiganja chenye joto na wekundu lakini bila mpigo, mara nyingi mpigo hurudi mfupa ukinyooshwa. Mlaze wodini, akaguliwe kila saa. Kiganja cheupe na baridi ni cha chumba cha upasuaji sasa hivi. Kama kwenu hakuna wa kushona mshipa, piga simu Kisumu au Eldoret kabla gari halijawashwa.

Jeraha likivuja, kandamiza kwa kidole na kitambaa. Usichomeke koleo la kubana mshipa usiouona. Mtoto wa kilo 20 ana damu lita 1.6 hivi, haijazi hata chupa kubwa ya soda. Presha yake hushuka akiwa ameshapoteza damu nyingi mno, kwa hiyo fuateni kasi ya moyo na ubaridi wa miguu.

Na anayeruhusiwa kwenda nyumbani, mwonyeshe mamake jinsi ya kubonyeza kucha. Afanye mbele yako. Mwambie vidole vikipauka au kilio kikizidi, arudi usiku huohuo, hata iwe saa nane.