Rangi Adimu ya Trekta la Zamani: Kagua Kabla ya Kulipa

Mtu anayeanza kununua matrekta ya zamani hapa Uingereza huambiwa mapema kwamba rangi fulani ni adimu na kwa hiyo bei yake iko juu. Jambo hilo lina ukweli, lakini hakuna kitu kilicho rahisi kubadilisha kwenye trekta kuliko rangi, na kwa muda niliokaa na mashine hizi nimejizoesha kutolipia rangi yoyote isiyo na ushahidi.

Mfano ninaoufahamu zaidi ni Ferguson FE35, lililoanza kuundwa mwaka 1956 katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry. Boneti na madigadi yake yalikuwa ya kijivu, ilhali injini na giaboksi vilipakwa rangi ya dhahabu iliyokolea. Mwishoni mwa 1957 trekta hilohilo likaanza kutoka kiwandani likiwa jekundu, kwa jina la Massey Ferguson 35, na hilo ndilo ambalo wengi wetu tuliliona likilima kule nyumbani. Kwa kuwa kijivu na dhahabu vilidumu takriban mwaka mmoja tu, wakusanyaji huvitafuta kwa bidii. Anayetaka trekta la kazi, kwa upande wake, ni afadhali achukue jekundu lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, iliyoanza kufungwa mwaka 1959, maana dizeli ya mwanzo ya silinda nne ilikuwa na sifa mbaya ya kugoma kuwaka asubuhi za baridi.

Shida ni kwamba wapo wamiliki waliolipaka FE35 nyekundu ili lionekane jipya, na siku hizi wapo wanaochukua jekundu na kuligeuza la kijivu. Kwa hiyo usianze na boneti. Mulika tochi chini ya tangi la mafuta, nyuma ya dashibodi na kwenye pembe ambazo mashine ya kupulizia rangi haifiki. Trekta moja nililolikagua lilikuwa safi kila mahali, lakini nilipofungua bolti ya digadi nikakuta duara jekundu chini ya washa, yaani kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha bolti. Wekundu peke yake haumhukumu muuzaji, kwa sababu trekta la kijivu laweza kuwa lilipakwa nyekundu kisha likarudishwa. Nikakwangua kwa ncha ya kisu hadi kwenye chuma, na chini ya nyekundu hapakuwa na kijivu chochote. Hata hivyo digadi huweza kubadilishwa, basi nikarudia sehemu nyingine mbili na kusoma kibao cha namba ya kiwandani, inayoonyesha mwaka trekta lilipoundwa, kabla ya kuzungumzia bei.

Kwa Wamarekani mambo hugeuka. Mwaka 1950 kampuni ya International Harvester ilitoa matrekta yake ya Farmall Cub, Super A na C zenye rangi nyeupe badala ya nyekundu ya kawaida, ili zivute macho ya wateja kwenye maduka ya wauzaji, na nyingi zikapakwa nyekundu baadaye. Hapo mabaki ya nyeupe chini ya nyekundu ndiyo mali, mradi namba ya trekta nayo ikubaliane na kipindi hicho.

Fordson N, trekta la kampuni ya Ford lililoundwa Dagenham hapa Uingereza, ni nyepesi zaidi kuihakiki, kwa kuwa rangi yake ilifuata miaka: buluu tangu 1933, rangi ya chungwa kuanzia 1937, kisha kijani kuanzia 1940, badiliko ambalo huelezwa kuwa lilitokana na hofu kwamba rangi ya chungwa ingeonekana kwa marubani wa Kijerumani. Namba ikionyesha mwaka 1942 na trekta lina rangi ya chungwa, huhitaji hata tochi.

Ukishapata rangi ya asili, hata iliyochubuka, usiipige msasa. Ioshe kwa maji na sabuni isiyo kali, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ikilazimu kupaka upya, acha kipande kimoja kilichojificha bila kukigusa, piga picha za kila tabaka kabla ya kulifunika, na uziweke pamoja na hati za trekta ili mnunuzi azikute.