Makopo ya marehemu baba yananuka siki

SWALI: Assalaam alaykum, Ami. Marehemu babangu aliendesha mashine ya senema hapa Mombasa miaka mingi. Juzi, uvunguni mwa kitanda chake, tumekuta makopo mawili ya bati yenye mikanda ya filamu. Yananuka siki kali na kakangu ataka kuyatupa. Baba akipenda kuitaja *Alam Ara*, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti. Je, yawezekana ndiyo hii?
Binti wa Kibokoni

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu baba. Mwambie kakako asitupe kitu.

*Alam Ara* ya Ardeshir Irani ilianza kuonyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931, na leo haijulikani nakala yake hata moja iliyosalia. Mikanda ya majumba ya senema zama zile ilikuwa ya naitireti, aina ya plastiki ambayo ikishika moto huwaka hata ndani ya maji. Siki ni harufu ya aseteti, plastiki nyingine iliyochukua nafasi ya naitireti miaka ya 1950; ikioza hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki ya achari. Kwa hiyo sidhani kuwa ni *Alam Ara*. Tazama pia ukingoni mwa mkanda: ukiona neno SAFETY, kwa kawaida si naitireti.

Hata hivyo usivunjike moyo. Mwaka 2008, sehemu za *Metropolis*, filamu ya Kijerumani ya Fritz Lang, zilizokatwa tangu 1927, zilipatikana Buenos Aires, mbali kabisa na Berlin ilikozinduliwa. Mkanda ukifika mwisho wa safari husahaulika, na ukisahaulika huenda ukapona. Mombasa nayo ni mwisho wa safari.

Utotoni niliona makopo ya jumba moja yakipakiwa mkokotenini kwenda jaani. Watoto tuligombania vipande tuvitazame juani. Changu kilikuwa na mkono wa mwanamke wenye bangili, uso umekatwa. Nilikiweka ndani ya msahafu wa nyanya mpaka kikajikunja. Sikupata kujua ni filamu gani, na jambo hilo laniuma hadi leo.

Sasa fanya hivi. Toa makopo uvunguni. Joto na unyevu wa pwani ndivyo vinavyouoza mkanda. Yafungue mahali penye upepo, pasipo jua, na uyatenge na filamu nyingine, kwani mvuke huo huambukiza. Usiifunge filamu hii kwenye mfuko wa plastiki. Usikubali mtu yeyote aipitishe kwenye mashine: mkanda uliooza husinyaa, na meno ya mashine yataurarua. Vaa glavu, fungua dhiraa mbili tu za mwanzo, uzielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Hapo huwa pana jina.

Niandikie herufi utakazoziona, ziwe za Kihindi, za Kiurdu au za Kizungu. Zikiwa zimefifia, zichore vivyo hivyo ulivyoziona.