Jibu: Blanton's ya mtu binafsi, ikague hivi kabla ya kulipa

Mkuu, umeuliza utajuaje kama Blanton's, bourbon (wiski ya Marekani) inayosakwa sana, unayouziwa na mtu binafsi huko jimbo la Kentucky, Marekani, ni halisi.

Usianze na lebo. Chupa tupu zenye lebo halali huuzwa mtandaoni, na matapeli huzijaza bourbon ya bei ndogo. Anza na muhuri wa shingoni: usiwe umekatwa wala kuonyesha dalili za gundi. Igeuze chupa polepole uone kama inavuja kwenye kizibo, kisha linganisha ujazo na chupa ya dukani.

Sasa soma lebo. Ya kawaida kwa soko la Marekani ni ml 750, kilevi 46.5%, ya ml 700 kwa kawaida ilikusudiwa soko la nje. Tarehe ya kumimina pipa, namba ya pipa na ghala H (ghala ambako Blanton's huhifadhiwa) lazima viwepo. Chupa mbili za pipa moja zikitofautiana tarehe, achana nazo.

Kizibo cha Blanton's kina sanamu ya farasi yenye herufi moja ya jina hilo, na aina zake ni 8; herufi utakayopata haibadilishi kilichomo. Usiiongezee hata dola moja!

Ila kwangu kubwa ni sheria: kuuza bila leseni ni kosa. Tangu 2018 Kentucky inaruhusu maduka yenye leseni kununua chupa adimu, zisizofunguliwa, kutoka kwa watu binafsi. Nunua huko, udai risiti.

Ukikosa, chukua bourbon nyingine iliyoandikwa Bottled-in-Bond. Kwa maandishi hayo, sheria ya Marekani ya 1897 inadai kiwanda kimoja, msimu mmoja, angalau miaka 4 ghalani na kilevi 50%, na nyingi hupatikana bila foleni.