Simu ikitoka getini: sauti, usalama na kuhama mtandao

Wenye depo na maduka ya jumla wanaoniita kuwawekea mtandao hapa Lubumbashi hutaka mambo matatu: sauti isikatikekatike, mtu wa nje asisikilize, na dereva aendelee kuongea akitoka kwenye Wi-Fi ya depo akaingia kwenye 4G. Ushauri wangu: yapange yote matatu siku moja, kwa sababu kila moja likipangwa peke yake huharibu jingine.

Chukua depo ya kule Kampemba. Walikuwa na Wi-Fi inayomtambua kila mfanyakazi kwa jina na nywila yake. Ni jambo zuri, kwa sababu nywila moja ya wote hubaki na kila aliyeacha kazi. Lakini karani akitembea kutoka ofisini hadi ghalani, simu inaanza kujitambulisha upya kwa antena ya pili, ujumbe unakwenda na kurudi hadi kwenye seva inayohakiki nywila, na anayeongea naye anasikia kimya. Sauti nzuri inataka ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Dawa ni 802.11r, kanuni ya Wi-Fi ya mwaka 2008 inayoandaa funguo za antena ya pili bila kurudia utambulisho wote. Hakikisha tu kwamba antena na simu zote zinaikubali.

802.11r inaishia getini. Nje, simu inapata anwani nyingine ya IP (namba inayoitambulisha mtandaoni), na mazungumzo yaliyofungwa kwenye anwani ya zamani yanakufa. Hapo mimi hutumia WireGuard kwenye kila simu ya kazi: ni programu ya VPN inayojenga handaki la siri kati ya simu na seva. Seva yake inakutambua kwa ufunguo wako, haijali anwani. Ikipokea pakiti (kifurushi cha data) halali kutoka mahali papya, inajibu kule kule ilikotoka, na ndani ya handaki simu inabaki na anwani yake ile ile. Lori likishika barabara ya Kasumbalesa, hata likinasa mtandao wa Zambia, mawasiliano yale yale yanaendelea. (Kama hamjalipia kutumia intaneti ng'ambo, dereva aizime kabla ya mpaka, maana mega zitaisha upesi sana.)

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi huiruka. Handaki linaficha kila kitu, hata kwa ruta yako. Ukipitisha humo sauti pamoja na video na nakala za picha, ruta haiwezi kujua ipi itangulie. Kwa hiyo pitisha handakini simu za kampuni na hesabu zake tu. Mengine yapite nje, mengi yana usimbaji wake wa HTTPS, yaani yanafichwa njiani. Baada ya hapo iamuru ruta ilipe handaki zima kipaumbele, na kasi ya kupandisha iwekee kikomo chini kidogo ya ile laini inayotoa kweli, ili foleni ya data ikae kwenye ruta unayoitawala.

Punguza pia nguvu ya antena iliyo karibu na geti. Simu hung'ang'ania Wi-Fi dhaifu hata pale 4G ni safi.

Kisha jaribu: piga simu, mwambie mtu apandishe faili kubwa, tembea hadi barabarani. Ikinyamaza kati ya ofisi na ghala, rudi kwenye antena. Ikinyamaza getini, kagua handaki. Ikikwama faili linapopanda tu, kazi iko kwenye foleni ya ruta.