Hesabu viti kwanza, hotuba baadaye

Nilipoanza kuisoma historia ya Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar, nilijitosa kwenye hotuba. Wiki nzima nilishinda kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, nikinakili maneno ya waheshimiwa kwa penseli, nikidhani aliyesema vizuri ndiye aliyeshinda. Mzee mmoja niliyekaa naye meza moja akaniuliza, "Mwanangu, hapo wakipiga kura, serikali ina viti vingapi?" Nikabaki naangalia daftari.

Basi wewe usipotee kama mimi. Tafuta kwanza nani alikalia kiti gani, na nani alimweka. Baraza lilianza 1926, enzi za Sultan Khalifa bin Harub, lakini mwenyekiti wake alikuwa Balozi Mkazi wa Uingereza, na maofisa wa serikali walikuwa wengi kuliko wengine. Wajumbe wasio wa serikali walikuwa sita: Waarabu watatu, Wahindi wawili, Mzungu mmoja. Wote wa kuteuliwa. Mwafrika wa kwanza, Sheikh Ameri Tajo wa Makunduchi, aliingia 1946. Miaka ishirini walio wengi visiwani walikuwa wakisemewa na wengine!

Ukishaijua hesabu hiyo, kisa cha karafuu kinasomeka vingine kabisa. Sheria za 1934 zilikipa chama cha wakulima wa karafuu madaraka makubwa juu ya biashara ile, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wanabanwa koo. Barazani wangelalamika mpaka sauti ikauke. Kura zilikuwa za serikali. Kilichoitikisa serikali ni mgomo wa 1937, walipoacha kununua karafuu na chama cha Congress huko India kikawaunga mkono. Mwaka uliofuata yakapatikana makubaliano. Kwa hiyo ukisoma mjadala wowote wa Baraza, uliza pia sokoni na bandarini kulikuwa na nini siku zile. Mimi nililipuuza hilo, nikarudia kazi nusu nzima.

Uchaguzi wa 1957 ulikuwa wa viti sita tu, na wanawake hawakupiga kura. Chama cha ZNP (Zanzibar Nationalist Party), cha Ali Muhsin, hakikupata hata kimoja. Ng'ambo, mjini Unguja, Abeid Karume wa Afro-Shirazi alimshinda Ali Muhsin mwenyewe. Watu hupenda kuanzia hapo kwa sababu ndipo penye utamu, lakini hesabu ya viti iliendelea kuamua mambo. Januari 1961 viti vilikuwa 22. ASP (Afro-Shirazi Party, chama cha Karume) ilipata kumi, ZNP tisa, na chama cha tatu, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), vitatu. ASP ilikichukua kiti cha Chake Chake, Pemba, kwa kura moja. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa ZNP, mmoja kwa ASP: kumi na moja kwa kumi na moja.

Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni mwaka huohuo, na kiti kimoja kikaongezwa ili wasilingane tena.